Hali ya mzee haionekani kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu ambao wazazi wao wamebaki vijijini, hususan huku kwetu Rungwe, ilhali wao wenyewe wanatafuta riziki Dar es Salaam, Mbeya mjini, Tunduma au mbali zaidi. Wengi wao ni watoto wema, ambao hupiga simu kila wiki, hutuma fedha na hurudi nyumbani Desemba. Hata hivyo, katika miaka yangu ya uuguzi kwenye zahanati nimepokea wazee wengi waliodhoofika kwa kiasi ambacho hakikuanza juzi, huku mtoto aliyewaleta akishangaa kwa dhati, kwa kuwa kwenye simu mama alikuwa akisema hajambo.

Mama husema hajambo kwa sababu ndivyo alivyolelewa kujibu, na pia kwa sababu anaogopa kuhamishwa. Hofu ya kupelekwa kwenye chumba cha mjini, mbali na migomba yake, kanisa lake na makaburi ya watu wake, ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kwa hiyo mzee huficha. Mtoto akitoa taarifa kwamba yuko njiani, jirani huombwa afagie uwanja na kuchota maji, na mgeni huondoka baada ya siku chache akiwa ameridhika.

Ndiyo maana nawasihi wanaofika nyumbani wasiishie kuuliza maswali, bali waangalie vitu. Waingie jikoni waone kama sufuria zimeungua mara kwa mara, kama unga umeota ukungu, na kama mlo wa mama umegeuka kuwa chai na kiazi asubuhi na jioni kwa kuwa hawezi tena kubeba kuni wala kusonga ugali. Watazame gauni linavyoning'inia mabegani. Wahesabu vidonge vya presha au vya kisukari: vikibaki vingi kuliko inavyotakiwa, hamezi; vikiisha mapema, huenda anameza mara mbili kwa kusahau. Watazame hata ukuta wa sebuleni, kwani alama za viganja zilizojipanga kutoka kitandani hadi mlangoni zinaonyesha mtu ambaye hawezi tena kutembea bila kushika kitu.

Nitakaa kidogo kwenye suala la choo, ambalo watu hulionea haya ingawa ndilo linalowaangusha wazee wetu. Nyumba nyingi za huku zina choo cha nje, mvua yetu ni nyingi, na kijia cha udongo kikilowa huteleza hata kwa kijana. Mzee aliyewahi kuanguka usiku hujitafutia njia ya kutotoka: anaacha kunywa maji tangu mchana. Mwili ukikosa maji anapata kizunguzungu, haja kubwa inakuwa ngumu, maambukizi ya njia ya mkojo yanamnyemelea, na kizunguzungu hichohicho humwangusha tena, safari hii pengine kwa kuvunjika nyonga. Ndoo yenye mfuniko chumbani, taa inayowaka na ubao wa kushikia kando ya kijia vina gharama ndogo sana ukilinganisha na nyonga iliyovunjika.

Kuhusu kusahau, naomba tusikimbilie kusema kwamba ni uzee tu, na tusithubutu kabisa kunong'ona habari za uchawi, kwa maana minong'ono hiyo imewaletea wazee wa nchi hii madhara makubwa. Mzee aliyekuwa timamu Jumapili akaanza kuchanganyikiwa Jumatano ni mgonjwa wa kuwahishwa hospitali, kwani huenda ana maambukizi, malaria, kiharusi au sukari iliyoshuka. Anayepotea taratibu kwa miezi na miaka, akirudia swali lilelile au kusahau njia ya kwenda sokoni, naye anastahili kupimwa, maana upungufu wa damu, sonona, masikio mazito na mtoto wa jicho vinaweza kumfanya aonekane amepotewa na akili kuliko alivyo, na hayo mengi yana tiba. Hata ugonjwa wenyewe wa kusahau, ambao hauna dawa ya kuuponya, humtaka mtu wa kuwa naye karibu, hasa penye moto.

Mtu huyo mara nyingi tunamfanya kuwa mjukuu. Binti wa darasa la nne anapelekwa kwa bibi, na familia inahesabu kwamba bibi ana msaidizi. Kuchota maji ataweza, lakini hawezi kumwinua mtu mzima aliyeanguka, kusimamia dawa, wala kukesha kisha aende shule. Mara nyingi huyo mtoto ndiye anayejua hali halisi, na hakuna anayemuuliza.

Yapo pia mambo ambayo mtoto wa kiume hawezi kumuuliza mama yake, na katika familia zinazoshika mila ya mkwe kumwepuka baba mkwe, mke wa mwana hawezi kumwogesha mzee. Siombi mila hizo zivunjwe. Naomba familia ikubaliane mapema ni nani ataingia chumbani: shangazi, binti aliyeolewa jirani, au kijana wa kulipwa anayeaminika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inaiweka familia kuwa msingi wa matunzo yake. Wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, hivyo anayerudi likizo aende ofisi ya kijiji kuulizia kitambulisho cha mzazi wake.

Desemba, ukoo unapokaa kikao, ajenda ya nani atalala nyumbani kwa mama itangulie ile ya mipaka ya shamba, na isisubiri baridi ya Juni, wakati wazee walio peke yao huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo linaloweza kuwaua usingizini.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Tukuyu, Mbeya