Pete za fimbo nzito ya kurushia: anza na rili na fundo, bei ije baadaye

Lalamiko ambalo sisi tunaounda fimbo za kuvulia tunalisikia sana kutoka kwa wanaovulia kolekole na jodari kwa popa, yaani chambo bandia kinachovutwa juu ya maji, ni hili: popa ya gramu 150 inarushwa kwa nguvu, mshipi unakatika hewani, na popa inaondoka peke yake. Mvuvi analaumu mshipi. Ananunua mwingine wa bei ghali zaidi, na popa ya pili nayo inapotea vilevile. Mshipi wa kusukwa wa PE 8 (PE ni kipimo cha unene wa mshipi), wenye unene wa karibu milimita 0.47, hubeba kilo 36 hadi 45 kabla ya kukatika. Popa hata kama ni nzito, haiwezi kuukata mshipi huo ukiwa unatoka bila kizuizi. Kuna kitu kimeuzuia njiani, na mara nyingi kitu hicho ni pete za fimbo.

Kizuizi cha kwanza ni kitanzi. Mshipi ukitoka kwenye spuli kubwa hutoka kwa mizunguko mipana, na upepo wa kusi au kaskazi ukiupiga ubavuni, mzunguko mmoja hujitupa nyuma ya pete ya kwanza na kuishika shingo. Cha pili ni fundo la lida, yaani kipande cha mshipi mnene kinachounganishwa mbele ya mshipi mkuu, kugonga pete iliyo ndogo mno. Cha tatu ni ufa kwenye kauri ya pete, mwembamba kiasi kwamba jicho halitauona. Huo unapimika nyumbani: pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ukikizungusha taratibu. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pete hiyo inakata mshipi na haina budi kutolewa.

Kwa hiyo, mteja akitaka fimbo mpya, hatuanzi kwa kumwuliza anataka pete za aina gani. Tunaomba kuiona rili. Rili za namba 14000 hadi 20000, zinazotumika kwa popa nzito, zina spuli yenye kipenyo cha karibu milimita 70. Spuli ya namna hiyo inahitaji pete ya kwanza ya namba 40 yenye shingo ndefu, inayoisimamisha mbali na ufito, yaani mwili wa fimbo wenyewe. Namba hiyo hutaja takribani kipenyo cha nje cha duara la kauri kwa milimita. Tundu lenyewe ni dogo kuliko namba, na hupungua zaidi kauri ikiwa nene. Ukinunua pete za watengenezaji wawili tofauti kwa kufuata namba tu, unaweza kupata matundu yasiyolingana, basi pima ndani kwa kaliper.

Wengi huweka pete ya 30 mbele ya rili kubwa kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Mshipi mwembamba utapita. Lakini PE 8 au PE 10 ni mshipi mgumu, haukubali kubanwa ghafla. Mizunguko inajipiga kwenye ufito, umbali wa kurusha unapungua, na hapo ndipo vitanzi vinapozaliwa.

Ukiacha ukubwa, tazama umbo la fremu. Katika pete za kampuni ya Fuji, aina ya KW ina miguu miwili na fremu iliyolala kuelekea ncha, hivyo kitanzi kikiishika huteleza mbele na kutoka chenyewe. Aina ya MN ni nene, imesimama zaidi, na inastahimili kugongwa kwenye ukingo wa boti. Kwa popa tunapendelea KW, kwa sababu mvuvi wa popa anarusha kutwa nzima na kitanzi kimoja tu kinatosha kumpotezea chambo. Kwa anayeshusha jigi, yaani chambo kizito cha chuma, chini kabisa bila kurusha, MN inatosha na inadumu.

Huu hapa mpangilio tunaouanzia kwa fimbo ya futi 8, yaani sentimita 244, yenye rili ya namba 14000 au 18000. Kuanzia kwenye rili kwenda nchani: 40, 30, 20, 16, 12, 12, na pete ya nchani 12. Ukipima kutoka nchani kurudi nyuma, nafasi kati ya pete na pete ni sentimita 12, 14, 17, 22, 28 na 35. Pete ya 40 itakaa sentimita 128 kutoka nchani. Mguu wa rili ukiwa sentimita 45 kutoka kitakoni, mdomo wa spuli utabaki na karibu sentimita 60 hadi pete ya kwanza. Sisi hatufungi uzi hata mmoja kwa kuamini namba hizi peke yake, kwa sababu kila ufito hupinda kwa tabia yake.

Pete hushikizwa kwanza kwa vipande vya mpira mwembamba. Rili inafungwa, kisha kamba nyembamba inavutwa kutoka katikati ya spuli kwa kufuata mstari wa mhimili wake hadi inapokutana na ufito. Pete zinazopunguza mizunguko, yaani 40, 30 na 20, ziwe zimemaliza kazi kabla ya hapo. Baada ya hapo ni mzigo: kitako kinabanwa, mshipi unapitishwa kwenye pete zote na kufungwa uzito wa kilo 3, kisha unaongezwa hadi kilo 8, ilimradi mtengenezaji wa ufito anaruhusu. Kwenye fimbo hii pete ziko chini, hivyo mshipi ukivutwa hujitenga na ufito na kukata kona katikati ya pete mbili. Panapoonekana pembe kali, pete moja inabeba mzigo wa mbili. Tunaisogeza jirani yake kwa sentimita moja au mbili, na ikishindikana tunaongeza pete. Kazi hii huchukua muda kuliko mapambo yote ya nyuzi, na ndiyo inayoamua kama fimbo itadumu.

Fundo nalo lina haki yake. Lida ya nailoni ya ratili 130 ikifungwa vizuri kwa fundo la FG hupita kwenye pete ya 12 bila taabu. Ukitumia lida ya ratili 200 na PE 10, kama wanavyofanya wengi wanaokwenda kisiwa cha Latham, yaani Fungu Kizimkazi, pete mbili za mwisho na ya nchani ziwe 16. Uzito unaongezeka kidogo, ila fundo halitagonga. Njia nyingine ni kukata lida iwe fupi, fundo likae nje ya ncha wakati wa kurusha. Inafaa kwenye maji ya wazi, lakini penye matumbawe makali lida fupi inamwacha samaki akate mshipi.

Kuhusu madini: ndani ya pete chagua kauri ya silikoni kabaidi, ile inayoandikwa SiC. Mshipi wa kusukwa ukibeba chembe za chumvi na mchanga hufanya kazi ya msumeno, na pete ya chuma kitupu huchimbika mfereji. Kwenye fremu, titaniamu haishiki kutu na ni nyepesi. Chuma cha pua ni imara na bei yake ni nafuu, lakini kwenye viungo vya kuchomelea na pale rangi inapochubuka, chumvi ya bahari yetu huingia. Mfuko ukibana, nunua titaniamu kwa ya nchani na tatu zinazofuata, zilizobaki ziwe chuma cha pua. Gramu moja iliyoko nchani huchosha mkono kuliko gramu kadhaa zilizo karibu na rili.

Pete za fimbo nzito zote ziwe na miguu miwili, hadi ile ya mwisho. Kabla ya kufunga, kila mguu hupigwa tupa mpaka ncha yake iwe nyembamba na upande wa chini usiwe na kingo. Mguu wenye ncha butu huacha uwazi chini ya uzi, na wenye makali hukwaruza kaboni kila ufito unapopinda. Fimbo nyingi zinazosemekana “zimevunjwa na samaki” ukizichunguza utakuta zimevunjika palepale ukingoni mwa mguu wa pete. Tunatanguliza tabaka la uzi chini ya mguu, kisha uzi wa nailoni wa saizi D juu yake, kwa mvuto wa wastani: baada ya kufunga, pete iweze kusogezwa kidogo kwa kidole gumba. Kukaza kupita kiasi ni kosa linalojificha, maana ufito huumia bila kuonyesha.

Kiti cha rili kiwe cha namba 22 au 24, kutegemea unene wa kitako, na mguu wa rili yako ujaribiwe humo kabla ya gundi. Usikubali kiti kilichojaziwa kwa tepu ya karatasi. Tepu inanyonya maji, inalainika, na baada ya miezi kiti kinaanza kucheza mkononi. Sisi tunajaza kwa bushi ngumu za kaboni na epoksi nzito bila kuacha uwazi. Pete ya nchani peke yake hubandikwa kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, ili siku ikigongwa ibadilishwe bila kuunguza ufito.

Mwambao una joto na unyevu, na epoksi ya juu ya uzi haipendi unyevu: inabaki inanata au inapata ukungu mweupe. Wakati wa masika tunapaka ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Sehemu mbili za epoksi hupimwa sawa kwa mabomba ya sindano, mililita 3 kwa 3, na kukorogwa taratibu kwa dakika 3. Kisha hupakwa mara mbili nyembamba badala ya moja nene, fimbo ikizungushwa na mota wakati wote hadi epoksi ishike. Baada ya hapo fimbo inapumzika wiki nzima. Tafadhali usituharakishe hapo.

Ukija kuagiza, njoo na rili ikiwa na mshipi wake, lida unayotumia na popa yako nzito kuliko zote. Na kama ufito wako wa zamani bado mzima, huenda huhitaji fimbo mpya: tunazitoa pete, tunakagua ufito kwa mwanga mkali, na kupanga upya. Ufito wenye ufa au alama ya kuchimbwa na mguu wa pete hatuufungi tena, tunakurudishia kama ulivyo.