Domherre sio hakimu jamani

Mhariri, salamu. Nimesoma ile safu yenu ya majina ya ndege wa Ulaya, nzuri kweli, ila hapo kwa domherre wa Waswidi, yule ndege mdogo ambaye kwa Kiingereza ni bullfinch, mmechemsha. Mmeandika eti jina lake ni "bwana hukumu" kwa vile Kiswidi dom ni hukumu na domare ni hakimu. Hiyo dom ipo, sikatai, lakini huyu ndege haimhusu hata kidogo. Dom yake ni ile ya domkyrka, yaani kanisa kuu la askofu, neno limetoka kwenye Kilatini domus, nyumba, likapitia kwa Wajerumani ndo likafika Sweden. Herre ni bwana. Kwa hiyo domherre alikuwa kanoni, mmoja wa wale mapadre wakubwa wa baraza la kanisa kuu.

Sasa ndege na cheo cha kanisa wapi na wapi? We mtazame dume tu, kifua chekundu mpaka mashavuni, kofia nyeusi tii, kanenepa hadi shingo haionekani, katulia zake kwenye tawi lenye theluji kama anasubiri sadaka ihesabiwe, watu wakaona hapo joho la kanoni kabisa. (Jike hana wekundu huo, kifua chake ni cha kijivu na kahawia, lakini kabandikwa jina hilohilo, atafanyaje.) Ushahidi mwingine nendeni kwa majirani, Denmark na Norwei wanamwita dompap, Wajerumani wana Dompfaff, na hiyo pap au Pfaff ni padre, sasa mkishikilia hakimu hao wote mtawaelezaje?

Tena kinachonichekesha, Sweden ilijitenga na Roma karne ya 16, kanoni wa namna ile wakaisha, ndege kabaki na cheo chake na mpaka leo yuko kwenye kadi za Krismasi. Linnaeus, yule mwanasayansi Mswidi, alipomsajili kisayansi mwaka 1758 alimwita Loxia pyrrhula, siku hizi ni Pyrrhula pyrrhula, kutoka neno la Kigiriki la wekundu wa moto, hakuna kanisa hapo, ila mzee mwenyewe kazikwa ndani ya domkyrka ya Uppsala!

Naomba toleo lijalo mrekebishe. Na ile picha mliyoweka pia mtoe, yule ni rödhake, ndege mwingine kabisa (robin kwa Kiingereza), kifua cha chungwa na kofia nyeusi hana.

Msomaji wenu