Lishe ya kifafa ipimwe kama dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tiba ya lishe kwa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Mimi ni mama wa mtoto wa aina hiyo, na nimeona neno "lishe" likiwapotosha watu kwa njia mbili: wapo madaktari wanaoiahirisha kwa kuiona ni chakula tu, na wapo wazazi wanaoianzisha jikoni bila kumwuliza mtu, kwa sababu hiyo hiyo.

Lishe ya ketojeniki si ngeni. Mwaka 1921 Dakta Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili mwili ufanye kama ufanyavyo mtu anapofunga, yaani ini ligeuze mafuta kuwa ketoni na ubongo uzitumie ketoni hizo badala ya sukari. Ilipopatikana dawa ya fenitoini mwaka 1938, kumeza kidonge kukawa rahisi kuliko kupima kila mlo, na lishe ikawekwa kando. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wenye kifafa hawatulizwi na dawa, na mbili zilizochaguliwa vizuri zikishashindwa, matumaini ya kufaulu kwa ya tatu huwa madogo. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha watoto 145. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya waliopewa lishe walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya nusu ya mishtuko yao, ilhali kwa wenzao walioendelea na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 6. Sioni kwa nini mtoto apitishwe dawa ya tano na ya sita kabla wazazi hawajaambiwa kwamba njia hii ipo.

Lakini ni tiba kali. Katika mpango wa asili, mtoto hula hadi gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja, na chakula hupimwa kwenye mizani. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya kushindwa kuunguza mafuta anaweza kudhurika vibaya, ndiyo maana vipimo vya damu na mkojo hutangulia. Wengine hupata choo kigumu, mawe ya figo au kuchelewa kukua, na wote huhitaji vitamini na kalisi za nyongeza. Mwanangu alipougua kikohozi, tulipewa dawa ya maji yenye sukari. Ketoni zikashuka, na usiku ule ule akaanguka mara mbili, baada ya majuma kadhaa ya utulivu. Tangu hapo hatutoki bila barua ya daktari wake ya kuwaonyesha wauguzi, maana hata dripu ya glukosi inaweza kuvuruga yote.

Ombi langu kwa madaktari wa watoto ni kwamba, siku dawa ya pili inapothibitika kushindwa, mzazi aelezwe habari za lishe na apelekwe kwa mtaalamu wake, kisha mtoto apewe walau miezi 3 kabla ya kuamuliwa kuwa haimfai. Nao wazazi wenzangu nawasihi wasipunguze dawa kwa uamuzi wao, hata mishtuko ikikoma kabisa.

Wako,
Mama wa mtoto mwenye kifafa