Dada, kesi hii mmeianika, sasa imalizeni

Dada mpendwa,

Nakuandikia kuhusu yule mweka hazina wenu wa chama. Najua pesa za matanga zilichangwa na hazikuwafikia wafiwa. Najua pia uchungu wa mama aliyetoa mia mbili aliyokuwa ameitenga ya unga. Chama kinaishi kwa kuaminiana, na anayegusa pesa za msiba lazima aulizwe mbele ya wote. Hapo sina ubishi nawe.

Ubishi wangu ni kwa yale yaliyofuata kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa ya M-Pesa iliwekwa mapema jioni, na ilifaa, maana ule ni ushahidi. Kisha ikaja picha ya kitambulisho chake, nambari zote zikisomeka. Ikafuata ya mtoto wake akiwa na sare ya shule. Mtoto amekula pesa gani? Usiku haujaenda mbali, mtu akauliza, "Kwani huyu ni wa wapi?" Akajibiwa kwa jina la ukoo, na matusi yakahama kutoka kwake hadi kwa watu wake wote.

Dada, sisi ni wa Nakuru. Mwishoni mwa Januari 2008, mji huu na Naivasha vilipowaka, jumbe za chuki zilikuwa zikipita simu hadi simu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Swali la "ni wa wapi" halina kazi katika kesi ya pesa, na wewe kama admini ulipaswa kulizima palepale.

Kwa chifu, kesi kama hii ina mwisho. Mlalamikaji husema, mshtakiwa hujibu, wazee huamua alipe nini na lini, watu wakaenda makwao. Kwenye kundi hakuna wa kusema basi. Kila anayewasha simu asubuhi huanza upya na hasira zake, na asiyetukana huogopa kuambiwa kwamba walikula pamoja. Nadhani nusu ya yale matusi yaliandikwa kwa woga huo tu. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ni kweli chama si mahakama. Lakini huyu mlimtoa kwenye kundi kabla hajaandika hata mstari mmoja wa kujitetea!

Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, wote wasiuone tena. Anza na picha ya mtoto, kisha kitambulisho. Zilizokwisha kusambazwa kwingine huziwezi, kwa hiyo waombe waliozituma wazifute wao, na uwaombe hadharani.

Halafu mkutane Jumamosi kwa mwenyekiti, uso kwa uso. Aje na daftari lake, asikilizwe mpaka amalize. Kama alikula pesa, aandikiane nanyi jinsi atakavyolipa, na akimaliza kulipa mseme hivyo kwenye kundi lile lile. Kama hakula, aombwe radhi papo hapo na wote waliomtukana.

Nimeambiwa hatoki nyumbani tangu siku ile. Mtu aende amwite kwa heshima, asitumiwe ujumbe. Mkikosa wa kwenda, nitakwenda mimi.