Yah: Malalamiko kuhusu limozini ya mwaka 1966, gari namba 47 katika katalogi yenu, na jinsi baba yangu alivyotendewa katika yadi yenu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo nimelazimika kuitafuta kila nilipokaa kuandika, na hii ni mara ya nne nakaa. Masharti yenu ya mnada mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Barua zangu tatu na jibu lenu la mistari miwili vimo katika jalada. Ninachotaka ni kwamba mauzo ya Mercedes-Benz 600 Pullman niliyouziwa yafutwe, nirudishiwe bei yote niliyolipa pamoja na ada ya mnunuzi mnayotoza juu ya bei, nanyi mje mlichukue gari hilo kwa gharama yenu.

Nianze na siku ya kuchukua gari, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Nilifika nikiwa na baba yangu, mzee wa miaka 81, ambaye katika ujana wake alikuwa dereva wa gari la aina hiihii, Pullman ya milango minne, kwa muda wa miaka 11. Mfanyakazi wenu aliwasha injini, kisha yeye mwenyewe akamkaribisha baba aketi kwenye kiti cha dereva. Baba alisubiri presha ipande, kama alivyozoea enzi zake, ndipo akagusa swichi ya kioo kwa kidole kimoja. Kioo kilishuka nusu kikakwama, ndani ya mlango kukasikika kishindo, na mafuta yakamwagika yakamlowesha suruali na viatu. Meneja wenu wa yadi alikuja mbio. Hakuuliza kama mzee ameumia. Alisema, mbele ya wanunuzi wengine wasiopungua kumi: "Shuka, mzee! Nani amekuruhusu kugusagusa vitu? Umeshaliharibu, na hilo sasa ni juu yenu."

Idara yenu ya magari ya kale haihitaji kufundishwa na mimi kwamba vioo, viti na mfuniko wa buti la gari hili haviendeshwi kwa mota za umeme bali kwa mafuta ya haidroliki yenye presha ya bar 150 hivi. Mafuta ya presha hiyo si maji ya bomba. Paipu ikipasuka karibu na mkono wa mtu inaweza kumtoboa ngozi na kumtia kilema. Mliliweka gari lenye paipu zilizooza, mkaliwasha, mkamkalisha ndani yake mzee wa miaka 81, na lilipotokea la kutokea mkamlaumu yeye kwa kubonyeza swichi ambayo kazi yake ni kubonyezwa.

Na msiniambie kwamba paipu ilipasuka siku ile. Fundi wangu alipoondoa mkeka mpya wa mpira mliotandika sakafuni, alikuta zulia la asili lililo chini yake limeoza kwa mafuta ya muda mrefu, jeusi, linanata, na bati la sakafu chini ya zulia limeanza kula kutu. Ninazo picha 26. Mafuta ya saa moja hayaozeshi zulia. Kuna mtu aliyeuona uvujaji ule kabla ya mnada akaenda kununua mkeka wa kuufunika, na ningependa kumjua.

Sasa nije kwenye injini. Katalogi yenu iliandika, kwa herufi nzito, kwamba gari lina "injini yake ya asili" na kwamba "nambari zote zinalingana", yaani ni zilezile lilizotoka nazo kiwandani. Kwa sababu ya maneno hayo niliendelea kupandisha dau wakati wenzangu wawili walikwisha kunyamaza. Nambari ya chasisi inaanza na 100.014, na hilo ni sahihi, kwani ndiyo Pullman ya milango minne. Lakini nambari iliyogongwa kwenye injini inaanza na 100.981. Injini za modeli ya 600 zinaanza na 100.980. Hiyo 981 ni ya Mercedes-Benz 300 SEL 6.3, gari jingine kabisa, zuri kwa nafasi yake, lililoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Geneva mwezi Machi 1968. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1966 haliwezi kuwa lilizaliwa na injini ya modeli iliyokuja miaka miwili baadaye. Ujazo wa injini hizo mbili ni uleule wa lita 6.3, na mtu asiyefungua macho anaweza kudanganyika, lakini ninyi mnatoza ada ya mnunuzi ili muwe na watu wa kufungua macho. Kusoma tarakimu sita kunahitaji tochi na kitambaa cha kufutia vumbi.

Jibu lenu la mistari miwili lilisema kwamba maelezo ya katalogi ni "maoni" na kwamba magari yote huuzwa kama yalivyo mahali yalipo. Naomba mlisome upya jibu hilo. Kusema kwamba ngozi ya viti imekaa vizuri ni maoni. Kusema kwamba nambari zinalingana ni taarifa ya kweli au ya uongo, na hii ni ya uongo. Sharti la "kama lilivyo" linamkuta mnunuzi aliyeachiwa kuona gari lilivyo. Mimi siku ya ukaguzi niliomba injini iwashwe nikaambiwa betri imetolewa kwa sababu za usalama. Niliomba boneti ifunguliwe, ikafunguliwa kwa dakika tano, huku kijana wenu amesimama kati yangu na injini akitazama saa. Niliuliza kadi ya kiwanda, ambayo nambari ya injini ya awali huandikwa ndani yake, nikaahidiwa kwamba ipo na itakabidhiwa pamoja na hati nyingine. Mpaka leo sijaiona. Mliniuzia mbuzi kwenye gunia, kisha mkanilaumu kwa kutoona rangi yake.

Lipo pia suala la springi za hewa. Katika picha za katalogi gari limesimama wima, limenyooka, linapendeza. Siku niliyolifikisha kwangu sehemu ya nyuma ilikuwa imelala chini usiku mmoja tu baada ya injini kuzimwa. Fundi alipochungulia chini ya gari alikuta alama mpya za mbao mahali ambapo bila shaka palikuwa na vipande vya kuliinua kwa ajili ya mpiga picha. Ningeweza kulivumilia peke yake, maana ni gari la kale na mpira huchoka. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha tabia.

Lakini narudi yadi, kwa sababu hapo juu sikueleza yote. Nilipoanza barua hii niliona haya kuyaandika, na haya hiyo si yangu ya kubeba.

Meneja wenu alipopiga kelele, baba yangu alisema, "Samahani sana, bosi wangu." Alimwita bosi kijana anayelingana na mjukuu wake. Alitoa leso mfukoni, na kabla ya kujifuta yeye mwenyewe, na suruali ile ikiwa inachuruzika mafuta, akaanza kufuta kiti cha gari, taratibu, kwa namna ambayo dereva wa zamani hufuta kiti cha mwajiri wake. Meneja akanyoosha mkono ndani, akazima injini, akachomoa ufunguo, akamwambia aache kusugua asije akaharibu na ngozi. Mtu mmoja nyuma yetu alicheka. Baba alitafuta mahali pa kushika ili ashuke, kwa kuwa viatu vilikuwa vinateleza kwa mafuta, na hakuna mfanyakazi wenu hata mmoja aliyempa mkono. Nilimshusha mimi. Tulisimama pale, yeye ameloa mpaka magotini, wakati meneja wenu anaandika kwenye fomu ya makabidhiano, kwa kalamu nyekundu, kwamba kioo cha dereva "kimeharibiwa na upande wa mnunuzi", kisha akanitaka nitie sahihi.

Nilikataa. Nikaambiwa gari halitoki bila sahihi. Ndiyo maana gari lilikaa siku tisa zaidi, na siku hizo tisa mmenitoza gharama za maegesho, kana kwamba niliamua kuliacha kwenu kwa kupenda. Siku ya tisa nilitia sahihi, nikaandika pembeni yake kwamba sikubaliani na maelezo yale, na nakala mliyoniletea baadaye imekatwa ukingo hapohapo nilipoandika. Sitasema nani aliikata. Nasema asili ya fomu hiyo iko kwenu, na nataka kuiona.

Baba yangu hajaligusa gari hilo tangu siku ile. Kwa miaka 11 alivifungua na kuvifunga vioo hivyo kwa ajili ya watu wengine bila kuharibu hata kimoja. Nilinunua gari hili ili akae kiti cha nyuma, niendeshe mimi. Hampaswi kujali nilinunua kwa sababu gani, nakubali. Mnapaswa kujali kwamba mzee aliyekuja yadini kwenu kama mgeni aliondoka akiamini kuwa amemtia mwanawe hasara, na mpaka sasa ananiuliza kama "deni la kioo" limelipwa.

Wiki iliyopita ofisa wenu alinipigia simu akanipa pendekezo la kupunguziwa nusu ya ada ya mnunuzi katika mnada wenu ujao, mradi nisiendelee na shauri hili. Huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sitarudi katika mnada wenu, hivyo punguzo hilo halina thamani kwangu hata chembe, na sharti la kunyamaza limenifanya nielewe kwamba mnajua uzito wa mnachokificha.

Kwa hiyo madai yangu hayabaki kama nilivyoyaandika mwanzoni. Pamoja na bei na ada, nataka nirudishiwe gharama za maegesho ya siku tisa, gharama za kulisafirisha gari, na malipo ya fundi aliyelikagua na kuandika ripoti. Nataka fomu ya makabidhiano isahihishwe, na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu yafutwe rasmi. Nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na meneja wa yadi kwa mkono wake na kutiwa sahihi na wewe Mkurugenzi, ikielekezwa kwa baba yangu, si kwangu, ikisema wazi kwamba hakuharibu kitu. Hili la mwisho halina mbadala wa fedha. Mkilipa kila kitu mkaliacha hilo, nitahesabu kwamba hamjanijibu.

Ningekuwa tayari, mwezi mmoja uliopita, kukubali kurudishiwa sehemu ya bei na kubaki na gari, kwa sababu hata likiwa na injini isiyo yake bado ni gari ambalo wachache watapata kulimiliki. Utayari huo umekwisha na msiutafute tena.

Ripoti ya fundi, picha za zulia, picha ya nambari ya injini na ukurasa wa katalogi yenu tayari viko kwa wakili wangu. Yeye ameniambia kwamba taarifa ya uongo iliyomshawishi mtu kununua haifunikwi na maneno ya "kama lilivyo", na yuko tayari kufungua shauri dhidi ya kampuni, na dhidi ya aliyelileta gari mnadani ikiwa mtanitajia au mtalazimishwa kumtaja. Malalamiko rasmi kwa mamlaka ya kumlinda mlaji yameshaandikwa, yamebaki kutiwa tarehe. Jambo jingine mnalolijua vizuri ni kwamba kuanzia 1963 hadi 1981 modeli ya 600 ilitengenezwa magari 2,677 tu, na Pullman kati ya hayo, ukiondoa landaulet 59 zenye paa la nyuma la kukunjwa, ni 428. Wamiliki wa magari machache kiasi hicho wanafahamiana. Wananunua kwa kuaminiana na wanauza kwa kuaminiana, na wengi wao hupitia nyumba za mnada kama yenu. Ripoti hii ikiwafikia, na itawafikia nisipojibiwa, kila mmoja wao atataka kujua ni magari mangapi mengine mliyoyaandikia kwamba nambari zinalingana bila kuwasha tochi.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nawapa siku 14. Nimeisoma barua hii upya tangu mwanzo, nikafika tena pale baba alipoomba samahani, na nimekata siku hizo kuwa saba, kuanzia siku mtakapoipokea. Jibu liwe la maandishi, liwe na sahihi yako Mkurugenzi, na lisipite kwa ofisa aliyenipigia simu. Gari lipo chini ya turubai, halijaendeshwa wala kuguswa tangu fundi amalize kazi yake, na ufunguo nitamkabidhi mtu atakayekuja na hundi na barua ya baba yangu vyote viwili mkononi.

Wako,

Mnunuzi wa gari namba 47

Nakala: Wakili wangu, jalada la mnunuzi