Digrii ya mtandaoni na sisi wa Masasi

Mhariri, shikamoo.

Naomba nafasi niongee na vyuo vinavyofundisha kwa mtandao. Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Masasi, mwaka wa pili sasa nasoma digrii ya usimamizi wa biashara kupitia simu na laptop ya kuazima. Kwenda kukaa Dar miaka mitatu nisingeweza, nina watoto wawili, na msimu wa korosho ukianza ofisini kwetu hakuna kulala.

Na nasema kweli masomo yamenisaidia. Zamani mkulima akiniuliza mbona mzigo umeenda ghalani, mnada umepita na hela bado haijaingia benki, nilikuwa namwambia tu subiri mzee, sa hivi namkalisha namwonyesha kwenye karatasi bei ya mnada, makato moja moja, kinachobaki chake, na yeye anaondoka ameelewa hata kama hajafurahi.

Shida ni vipindi vya laivu. Mwalimu anafundisha saa mbili usiku kwa video, saa hiyo kila mtu mtaani yuko mtandaoni, picha inaganda, sauti inakatika, bando la wiki linaisha siku mbili, na kipindi hakirekodiwi. Ukiomba nots unaambiwa ungehudhuria. Nimehudhuria jamani, mtandao ndio haukuhudhuria!

Mei 2024 ndo nilitamani kuacha. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika kule Somanga, mabasi yamekwama, haijaisha wiki mbili mikongo ya intaneti ya baharini nayo ikakatika na nchi nzima mtandao ukasuasua. Asaimenti yangu ilikuwa tayari kwenye laptop, haikupanda mpaka muda ukapita, nikapewa sifuri. Niliandika barua ya kujieleza sikujibiwa.

Sasa ninachoomba sio kikubwa. Rekodini vipindi, mtoe sauti peke yake, faili la sauti ni dogo hata mtu wa Newala au Liwale atalivuta alfajiri mtandao ukiwa mwepesi. Nots ziwekwe PDF. Na tarehe ya mwisho ya kazi iwe na siku mbili tatu za ziada mtandao ukianguka nchi nzima, maana hilo halifichiki, kila mtu analiona. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Mtwara kipo na Lindi kipo, mwanafunzi anajua pa kwenda kugonga mlango, sisi wa vyuo vingine tunagonga wapi?

Na vijana wenzangu, kabla hujatuma ada kwa chuo cha nje ulichokiona kwenye tangazo, ulizia kwanza TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kama wanakitambua, usije ukamaliza ukabaki na karatasi.

Mtihani wangu wa fedha ni mwezi ujao na kuna vipindi vinne sijavisikia kabisa.

Karani wa AMCOS,
Masasi, Mtwara