Kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila mguu wa mama yako bado unavimba jioni. Kaka yako alipita Jumapili akasema mwisho wa mwezi unaacha kazi ya maji ili ukae uandike hadithi zako za kisayansi. Chakula kilinishinda. Usiache kazi, mama.

Sisemi uache kuandika. Ile ya Dodoma ya mwaka 2090 nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama yako. Pale mzee anaposhusha utepe kisimani, unateremka, unateremka, kisha kile kidude kinalia kimegusa maji, naye anaisoma namba tena kwa kuwa haamini macho yake, hapo nilinyamaza kidogo. Hayo hukuyaota. Uliyaona kwenye visima vya Makutupora, umepiga magoti juani. Na ni wewe uliyenieleza kwamba maji yale ya chini hayajazwi na kila mvua, yanangoja miaka ya mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98. Hadithi nzima imesimama juu ya jambo hilo. Ukishaondoka kisimani, mwaka wa tatu utaandika nini?

Nilimwambia mdogo wako aniangalizie kwenye simu wenzako, wanasayansi walioandika hadithi kama zako. Isaac Asimov alianza kufundisha biokemia Boston mwaka 1949, akaacha darasa 1958, kalamu imeshaupita mshahara. Alastair Reynolds alikuwa mtu wa nyota katika Shirika la Anga la Ulaya, kule Uholanzi; alipoondoka 2004 riwaya zake zilikuwa zimeshafika madukani. Fred Hoyle, naye mtu wa nyota, aliandika akiwa yuko yuko Chuo Kikuu cha Cambridge. Wewe una hadithi tatu, iliyolipwa ni moja. Kama mkubwa wako kazini anakuchosha, omba likizo. Likizo si kuacha kazi.

Najua utasema ulisoma kwa mkopo wala si kwa fedha yangu. Ni kweli. Mimi nilitoa nauli, na nauli ile ilikuwa mbuzi wawili.

Mama yako amepata kurasa nne za daftari lako la darasa la sita, chini ya sanduku la nguo. Ni ile ya punda aliyekwenda mwezini. Nyingine zilifungia karanga, na aliyezichana unamjua. Hizo nne nimeziweka ndani ya Biblia, hazitaguswa.

Zabibu tumeshapogoa, mchwa wamekula nguzo sita upande wa korongoni. Simtanki limepata ufa chini, tunakinga nusu tu. Ukija usihangaike na sukari, tuletee fundi wa kuliziba, na uniandikie upya kina cha kisima chetu ulichopima mwaka jana, karatasi siioni.

Barua yao usiipeleke kabla hujanipigia. Piga mapema, saa mbili usiku simu inakuwa imeisha chaji.

Baba yako